Pale Ramani Inapoishia

Mwaka 1929 wasomaji wa Kiswahili walipata *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ambayo Mwingereza H. Rider Haggard aliitoa mwaka 1885. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki waliisoma: Waingereza watatu, ramani iliyochorwa kwa damu, jangwa, milima miwili iliyoelekeana, na nyuma yake almasi za mfalme wa kale. Mwaka huohuo mtaalamu wa mambo ya kale Gertrude Caton-Thompson alikuwa akichimba Great Zimbabwe, na alichokitangaza ni kwamba kuta zile za mawe zilijengwa na Waafrika wenyewe katika zama za kati, wala si na watu wa Sulemani au Malkia wa Sheba. Hadithi na uchunguzi vilitoka pamoja, lakini iliyosafiri mbali ni hadithi. Sinema iliirudia mwaka 1937, ikairudia 1950 na tena 1985, na kutoka humo zikazaliwa filamu nyingine nyingi za aina hiyo, za Indiana Jones zikiwa mashuhuri kuliko zote. Miji hubadilika, majambazi hubadilika, bara hubadilika. Kinachodumu ni kipande cha ramani kuukuu. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kazi ya ramani hiyo si kuonyesha njia. Ipo ili mgeni afike bila kumwuliza mwenyeji, na afike akiwa na kitu kinachofanana na hati ya kumiliki. Lakini ramani haitoshi kamwe. Katika kila hadithi ya namna hii kuna mahali inapoishia, na hapo lazima atafutwe mtu wa mahali penyewe. Namna filamu inavyomtendea mtu huyo baada ya kupata jibu lake ndiyo kipimo changu cha filamu hizi.

Tuanze na Haggard mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweka mfano. Ramani yake imechorwa na Mreno, José da Silvestra, anayekufa kwa njaa na baridi pangoni mwaka 1590, akitumia damu yake kwenye kitambaa cha nguo yake. Inabaki mikononi mwa ukoo wake kwa karne tatu mpaka imfikie msimulizi, Allan Quatermain. Mchoro huo unatoa mto, jangwa, bwawa la maji, milima na barabara kuu, na hakuna hata jina moja la watu wanaoishi huko. Wasafiri wanapofika, wanakuta taifa zima, Wakukuana, lenye mfalme, jeshi na sheria. Na hapo ndipo ramani inapokwisha kazi, kwa sababu anayejua chumba cha hazina kilipo na jinsi mlango wake wa jiwe unavyofunguka ni mwanamke mmoja mzee, Gagool. Yeye ndiye anayeongoza njia akiwa na taa mkononi. Kisha mwandishi anamponda chini ya mlango uleule alioufungua. Sioni kwamba kifo hicho kimetokea kwa bahati ya utunzi tu. Mtu anayejua zaidi ya ramani ni shahidi kwamba ramani haikuwa ya lazima, na shahidi wa namna hiyo hawezi kuachwa hai bila kuharibu ushindi wa shujaa. Haggard anastahili haki yake: mwishoni mwa riwaya Ignosi, mfalme halali wa Wakukuana, anapiga marufuku Wazungu wengine kuvuka milima kuingia nchini mwake. Mwandishi alijua, angalau kwa kurasa chache, kwamba nchi ile ina mwenyewe.

*Raiders of the Lost Ark*, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1981, ni kazi ya ustadi mkubwa, na ustadi huo unaufanya mfumo wenyewe uonekane wazi zaidi. Filamu inaanza kwenye msitu wa Peru kwa vipande viwili vya ramani vinavyounganishwa. Mwenzake Indiana Jones aliyekuwa na kipande kimoja, Satipo, anamgeuka na kufa dakika chache baadaye. Sanamu ya dhahabu inachukuliwa hekaluni, na wenye hekalu wanaonekana tu kama kundi linalokimbia na mishale. Kisha tunahamia Misri, kwenye chumba cha ramani katika mji wa Tanis, ambako mwanga wa jua ukipita kwenye kito utaonyesha mahali Sanduku la Agano lilipofichwa. Lakini urefu wa fimbo ya kubebea kito hicho umeandikwa kwenye medali ambayo Jones hawezi kuisoma. Anayeisoma ni mzee mmoja wa Cairo, usiku, nyumbani kwake. Bila yeye hakuna filamu. Akimaliza kusoma anatoweka, na hata jina lake hatulipati. Kuhusu Tanis yenyewe, tunaambiwa ulifukiwa na tufani ya mchanga ya mwaka mzima na kusahaulika. Hadithi inatokea mwaka 1936, wakati Tanis ya kweli ilikuwa imechimbwa na Flinders Petrie mwaka 1884, na Mfaransa Pierre Montet alikuwa akichimba hapo tangu 1929. Kuanzia 1939 alifungua makaburi ya wafalme yaliyojaa dhahabu na fedha. Kijiji cha San al-Hagar kipo ubavuni mwa magofu hayo. Wachimbaji wa Misri walijua kila asubuhi waende wapi kazini.

Wengi watasema hii ni burudani, na mtu anayelipa kiingilio hakwenda kusoma historia. Hadithi inahitaji fumbo, na fumbo linahitaji mji usiojulikana. Pingamizi hili lina uzito, wala sidai kwamba mtoto anayeshangilia shujaa akikimbia mbele ya jiwe linaloviringika amedhurika. Lakini linachukulia kwamba hadithi na mambo ya dunia vilikaa mbalimbali, na Great Zimbabwe inaonyesha kwamba havikukaa hivyo. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alipelekwa kwenye magofu hayo, akakata kijiti cha boriti ya mlangoni, akakinusa, akaona kinanukia kama penseli yake ya mwerezi. Kutokana na harufu hiyo aliamua kwamba mti ulitoka Lebanoni, kwa hiyo jengo lilikuwa la Malkia wa Sheba. Mti ulikuwa wa kusini mwa Afrika. Riwaya ya Haggard ilipotoka miaka kumi na minne baadaye, ikiwa na barabara kuu ya Sulemani iliyojengwa na wageni wa kale, msomaji wa London alikuwa tayari kuona anasoma habari karibu na ukweli. Mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes ikaingia Mashonaland. Mwaka 1895 ikaanzishwa kampuni nyingine, Rhodesia Ancient Ruins, iliyopewa ruhusa ya kuchimba dhahabu ndani ya magofu mengine ya nchi hiyo, ikavuruga makaburi na sakafu za kale kutafuta shanga na bangili. Kisha Richard Hall, aliyewekwa kuyatunza kati ya 1902 na 1904, akaondoa tabaka za udongo kwa kuziona uchafu wa Waafrika waliokuja baadaye, akidhani chini yake atawakuta wajenzi wa kweli. Wajenzi walikuwa ndani ya tabaka zilezile alizozitupa.

Mtaalamu wa mambo ya kale David Randall-MacIver alisema mwaka 1905 kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, Caton-Thompson akathibitisha 1929, na bado serikali ya Wazungu ya Rhodesia baada ya 1965 iliona ukweli huo ni hatari. Mtaalamu Peter Garlake, aliyekataa kuufunika, aliondoka nchini mwaka 1970. Dola haihangaiki kunyamazisha matokeo ya uchimbaji ikiwa hadithi zinazopingwa na matokeo hayo ni burudani tu. Mji uliopotea ulikuwa na faida ya moja kwa moja: kama wajenzi walikuwa wageni waliotoweka, basi wageni wapya waliokuja hawakunyang'anya mtu kitu, walirudia tu mahali pao. Na mji huo haukuwa umepotea hata kwa Wazungu wenyewe. Mreno João de Barros aliandika habari za ngome hiyo ya mawe mwaka 1552, kwa maelezo yaliyotoka kwa wafanyabiashara Waislamu wa Sofala. Miaka ya 1970 mwanzoni ilipatikana humo sarafu ya shaba ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Dhahabu ya nyanda zile ilishuka Sofala ikapanda Kilwa. Nguo, shanga na vyombo vya China vikaenda upande wa pili. Watu wa pwani hawakuhitaji kitambaa chenye damu ili kujua bidhaa yao inatoka wapi.

Filamu iliyonigusa zaidi kwa ubaya ni *Congo* ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Frank Marshall kutokana na riwaya ya Michael Crichton ya 1980. Si filamu nzuri, na pengine isingestahili aya nzima isipokuwa kwa sababu ya jina la mji wake uliopotea: Zinj. Ni jina ambalo waandishi wa Kiarabu walilitumia kwa pwani yetu na watu wake; al-Masudi, aliyesafiri bahari hii katika karne ya kumi, aliandika habari za nchi ya Zanj na wafalme wake. Crichton alilichukua jina hilo la pwani yenye bandari na misikiti, akalipeleka bara kwenye msitu wa Virunga, akaliweka juu ya magofu ya machimbo ya almasi yanayolindwa na sokwe wauaji. Wakazi wameondolewa, nafasi yao wakapewa wanyama. Zingatia mambo mawili yaliyofutwa kwa mpigo mmoja. Kwanza pwani yenyewe, ambako uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kwenye visiwa vya Lamu, ulifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya nane, na ambako Husuni Kubwa bado inatazama bahari ya Kilwa Kisiwani. Pili Virunga na Kivu, miongoni mwa sehemu za Afrika zenye wakulima wengi kwa kila kilomita ya mraba, na ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Mgeni akitaka kujua kilichomo msituni kule angeweza kuuliza kwa lugha tunayoandikia hapa.

Na ramani za kweli zilichorwaje? Ramani iliyochochea safari kubwa za Waingereza kuelekea maziwa makuu haikutoka pangoni kwa mfu. Jakob Erhardt, mmisionari Mjerumani, alikaa Tanga mwaka 1854 akiwasikiliza watu wa misafara: wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, wapagazi, watu waliokwisha kwenda bara na kurudi. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakachora walichoambiwa. Mwaka 1856 mchoro huo ulikuwa ukijadiliwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia mjini London, na uliwachekesha wengi kwa sababu ulionyesha ziwa moja kubwa mno lenye umbo la koa. Maelezo ya watu wa misafara, kila mmoja akieleza maji aliyoyafikia yeye, yalikuwa yameunganishwa kuwa ziwa moja, ilhali yalikuwa matatu: Nyasa, Tanganyika na lile ambalo msafiri Mwingereza Speke angeliita Victoria. Kosa lilikuwa la kuunganisha, lakini maji yalikuwepo. Speke na Mwingereza mwenzake Burton waliondoka pwani mwaka 1857, wakafuata njia ya misafara iliyokuwa ikikanyagwa kila msimu, wakafika Ujiji mwaka 1858. Mbele ya misafara ya namna hiyo alitembea kirangozi aliyejua visima, mahongo ya kulipa na majina ya watemi. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akapelekwa India kisha akarudi Zanzibar, alikwenda na Burton na Speke, akaenda na Speke na Grant, akaenda na Stanley, akavuka bara zima na Cameron. Jumuiya hiyo ya London ilimpa nishani. Alifariki mwaka 1885, mwaka uleule ambao riwaya ya Haggard, *King Solomon's Mines*, ilianza kuwafundisha wasomaji kwamba njia ya bara la Afrika imo kwenye karatasi ya Mreno. Filamu ya *Mountains of the Moon* ya 1990 ilimpa Bombay nafasi fulani kwenye kioo cha sinema. Mpaka leo hajapata filamu inayomfanya yeye kuwa mtu wa katikati, na katika maisha yote niliyoyataja sioni yanayoistahili zaidi.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza: kuna miji iliyosahaulika kweli. Gedi, karibu na Malindi, ilihamwa katika karne ya kumi na saba. Ilipoanza kuchimbwa na James Kirkman mwaka 1948, kuta, visima na vipande vya kauri za China vilikuwa ndani ya msitu, na hakukuwa na orodha iliyoandikwa ya watawala wake. Hakuna faida ya kujidanganya kwamba wenyeji daima wanakumbuka kila kitu. Vita, magonjwa, biashara ya utumwa na kuhama kwa watu hukata kumbukumbu, na wakati mwingine mwiko na heshima ya mizimu ndivyo vitu pekee vinavyobaki kuzuia watu wasijenge juu ya makaburi ya watu wasiowajua majina. Lakini hata hapo, kusahaulika ni tukio lenye sababu zake, na sababu hizo ndizo hadithi yenyewe. Filamu za ramani hazina hamu nazo. Mji kwao umepotea kama jiwe linavyokuwa zito, ni hali yake tu, na kwa hiyo hakuna anayeulizwa nani aliwafukuza waliokuwamo.

Amazonia ndiyo mahali ninapoona jambo hili kwa uwazi zaidi. Percy Fawcett, mpimaji wa Kiingereza, alitoweka huko Mato Grosso mwaka 1925 pamoja na mwanawe Jack na kijana Raleigh Rimell, akitafuta mji aliouita Z. Alikuwa amesoma hati ya mwaka 1753 iliyohifadhiwa Rio de Janeiro inayosimulia mji wa mawe msituni, na alimiliki sanamu ndogo ya jiwe jeusi aliyopewa na Rider Haggard mwenyewe, ambayo aliamini ilitoka katika moja ya miji hiyo. Kwa hiyo mkono wa mtunzi wa riwaya ulifika mpaka mfukoni mwa mtafutaji. Wakalapalo, waliomwona mwisho, wamesimulia kwa vizazi jinsi walivyomwonya asiende mashariki na jinsi walivyoona moshi wa moto wake kwa siku kadhaa, kisha usionekane tena. Katika eneo hilohilo la Xingu, Michael Heckenberger alifanya kazi kwa miaka mingi na Wakuikuro, na mwaka 2003 jarida la *Science* lilichapisha matokeo: makazi makubwa yenye mahandaki ya ulinzi, viwanja vya duara na barabara pana zilizonyooka, yaliyostawi kabla ya maradhi ya Ulaya kufika. Kati ya waandishi wa makala hiyo yumo Afukaka Kuikuro, chifu wa Wakuikuro. Miji ilikuwepo, ilikuwa ya udongo na miti wala si ya marumaru, na wajukuu wa wajenzi walikuwa wakiishi juu ya mahandaki yake wakati Fawcett anapita.

James Gray alipotengeneza *The Lost City of Z* mwaka 2016 aliwaonyesha mabwana wa London wakizomea wazo kwamba watu wa msituni wangeweza kujenga chochote, na kwa hilo filamu yake ni ya kweli kuliko nyingi. Hata hivyo ilimsafisha Fawcett, ambaye maandishi yake yana dhana tele za ustaarabu wa kale uliotoka nje ya watu wale, na kamera haikubanduka kwenye kiu yake. Ukitaka kuona jinsi dhana hizo zilivyo ngumu kufa, tazama filamu ya Indiana Jones ya mwaka 2008, *Kingdom of the Crystal Skull*: mji wa Amazonia unageuka kuwa kazi ya viumbe waliotoka ulimwengu mwingine. Mauch alihitaji Malkia wa Sheba. Miaka 137 baadaye ikahitajika sayansi ya kubuni, ili tu wajenzi wasiwe watu wa pale. Upande wa pili wa mizani, *Dora and the Lost City of Gold* ya 2019, filamu ya watoto, inamweka mbele msichana anayezungumza Kikechua na anayefundishwa na wazazi wake kwamba mvumbuzi si mwinda hazina. Akifika, dhahabu inabaki ilipo. *Black Panther* ya 2018 ilikwenda mbali zaidi kwa kugeuza jambo lenyewe: nchi yake ya kubuni, Wakanda, haijapotea, imejificha, na wenyewe ndio wanaoamua nani aingie. Lakini nina wasiwasi na suluhisho hilo pia. Ili Waafrika wawe na mji wasionyang'anywa, ilibidi ubuniwe mji usiowahi kufanya biashara wala kupokea mgeni, ilhali Kilwa na Great Zimbabwe zilikuwa kubwa kwa sababu ya milango iliyo wazi.

Linabaki pingamizi la watunzi wenyewe, na ndilo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote: ukimweka mwenyeji anayejua kila kitu, hadithi imekwisha kabla ya kuanza. Ningekubali kama mafumbo ya kweli yangekuwa yamekwisha duniani. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu mchangani. Tano kati ya hizo zilikuwa za shaba, za Kilwa. Alizitia kwenye kopo kwa miaka mingi kabla ya kuuliza ni nini, mwaka 1979, na aliweka alama kwenye ramani kuonyesha mahali alipoziokota. Mwanaanthropolojia Ian McIntosh aliitumia ramani hiyo katika msafara wa mwaka 2013. Pwani ile ni nchi ya Wayolngu, watu wenye masimulizi ya kale ya wageni waliofika kwa bahari. Zilivukaje sarafu hizo? Huenda zilichukuliwa na Wareno waliopora Kilwa mwaka 1505, huenda zilipita mikono mingi katika biashara ya bahari hii, huenda zilifika na wavuvi wa majongoo wa Makassar. Mtunzi atakayeandika filamu hii atakuwa na ramani kuukuu, kisiwa, bahari na fumbo lisilo na jibu. Atalazimika pia kwenda kuwauliza Wayolngu kwenye pwani yao, na kwenda Kilwa Kisiwani, ambako watu bado wanaishi kati ya magofu, na kuandika majina yao.